Simulizi ya Aliyenusurika ni Mali ya Kijiji

Somo la familia, shule na baraza

Ikifika saa nane au saa tisa mchana katika miezi ya mvua, kila mkazi wa Kisii na Nyamira anajua kutazama upande wa magharibi. Mawingu meusi hupanda kutoka upande wa Ziwa Victoria, upepo hubadilika ghafla, na wachumaji chai huanza kuulizana kama watamaliza mstari au watakimbia. Nyumbani, magokoro huinuka bila kusema neno. Huzima redio, hufunika kioo cha ukutani kwa leso, kisha huwaamuru wajukuu waondoke mlangoni. Watoto hutii, wengine wakicheka kichinichini. Ni wachache wanaouliza: "Magokoro, kwa nini unafanya hivyo?"

Somo la toleo hili linahusu swali hilo lisiloulizwa. Katika kila kijiji chetu yupo mtu aliyenusurika janga. Yupo aliyepigwa na radi akaamka, aliyemzika mtoto wakati wa mlipuko wa malaria, au aliyetoka nyumbani usiku kabla ya udongo kuporomoka. Mtu huyo anajua jambo ambalo halimo katika kitabu cha darasani. Akilinyamazia hadi kaburini, vijana wetu watalazimika kulijifunza upya, na huenda wakalijifunza kwa msiba.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma na kujadili somo hili, familia, darasa au kikundi kiweze:
1. Kueleza kwa nini simulizi ya aliyenusurika huokoa maisha.
2. Kuchuja simulizi tulizorithi, hasa kuhusu radi, na kutenganisha lililo kweli na lisilo kweli.
3. Kueleza hatari inayotokea pale uvumi unapochukua nafasi ya ushahidi wa aliyekuwepo.
4. Kuandaa kikao cha kumsikiliza aliyenusurika bila kumuumiza yeye wala watoto wanaomsikiliza.

Sehemu ya kwanza: Waliookolewa na hadithi

Tuanze na mfano wa mbali, kisha turudi nyumbani. Nchini Indonesia kuna kisiwa kiitwacho Simeulue. Mwaka 1907 tetemeko la ardhi lilifuatwa na wimbi kubwa la bahari lililoua watu wengi kisiwani humo. Waliobaki waliamua kwamba watoto wao wasije kufa kwa kutojua. Wakalipa wimbi hilo jina moja, smong, na wakawasimulia watoto na wajukuu, kizazi hadi kizazi: ardhi ikitikisika kwa nguvu, kisha maji ya bahari yakarudi nyuma, usisubiri mtu, kimbilia mlimani.

Tarehe 26 Desemba 2004, miaka 97 baadaye, ardhi ilitikisika tena. Kisiwa hicho kilikuwa karibu sana na kitovu cha tetemeko lililoleta tsunami. Hapakuwa na king'ora wala ujumbe wa simu. Watu walipiga kelele "Smong!" wakakimbilia vilimani. Katika kisiwa cha watu takriban 78,000, waliofariki walikuwa 7. Kwingineko katika mkoa huo wa Aceh, ambako simulizi hiyo haikujulikana, watu zaidi ya 160,000 walifariki au kupotea. Wengi wa waliookoka Simeulue hawakuwa wamewahi kuona wimbi kama hilo. Walikuwa wamesimuliwa.

Mfano wa pili ni wa hapa Kenya. Tarehe 7 Agosti 1998, siku ya bomu katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, kulisikika kwanza kishindo kidogo na milio ya risasi. Watu wengi katika majengo ya jirani walifanya ambalo yeyote kati yetu angefanya: walikwenda dirishani kutazama. Muda mfupi baadaye bomu lenyewe likalipuka. Watu 213 walifariki Nairobi na maelfu wakajeruhiwa, wengi wao kwa vioo vya madirisha, na baadhi wakapoteza macho. Aliyekuwepo siku ile hahitaji hotuba ndefu kumfundisha mtoto wake. Anahitaji sentensi moja: ukisikia mlipuko, usiende dirishani, ondoka kwenye vioo na ulale chini. Leo kijana aliyezaliwa mwaka 1999 ni mtu mzima mwenye watoto. Je, amewahi kuambiwa sentensi hiyo?

Tazama mifano hiyo miwili ilivyofanana. Simulizi inayookoa ni fupi. Ina dalili ya kutambua hatari, na ina hatua moja ya kuchukua mara moja. Huzuni peke yake haitoshi. Mtoto akiondoka na huzuni tu, amesikitika. Akiondoka na dalili na hatua, amepata kinga.

Sehemu ya pili: Tulichoanza kusahau

Hapa kwetu, janga lililoua watu wengi ambalo vijana hawalikumbuki ni malaria ya nyanda za juu. Wazazi na wazee wetu wanaikumbuka miaka ya 1990. Kwa kawaida baridi ya milima yetu hupunguza mbu na hupunguza kasi ya ugonjwa. Kwa sababu hiyo miili yetu haijazoea malaria kama miili ya wanaoishi kando ya ziwa. Mvua nyingi ikifuatwa na joto lisilo la kawaida, mbu huongezeka katika mabonde, katika mitaro na katika mashimo ya matofali. Ugonjwa ukizuka hauchagui watoto wachanga pekee. Huangusha watu wazima wenye nguvu zao. Wakati huo dawa ya klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa, na serikali iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza mwaka 1998.

Aliyekuwa muuguzi, mwalimu au mzazi enzi hizo atakueleza alichokiona: vitanda vya hospitali vyenye wagonjwa wawili au watatu, na wengine sakafuni. Atakueleza pia kuhusu waliocheleweshwa nyumbani kwa siku tatu kwa sababu "ni homa tu".

Baadaye zikaja dawa za mseto, unyunyiziaji wa dawa ndani ya nyumba na vyandarua vilivyotiwa dawa. Milipuko ikapungua. Ni baraka, lakini baraka hiyo imezaa usahaulifu. Kijana ambaye hajawahi kuona wodi iliyojaa hawezi kuona thamani ya chandarua. Ndiyo maana leo ukitembea vijijini utakuta vyandarua vimezungushiwa miche ya sukuma wiki na vibanda vya kuku. Wahudumu wetu wa afya ya jamii wanaweza kueleza matumizi ya chandarua mara mia. Lakini mama mmoja akisimama katika baraza na kusema, "Mimi nilizika watoto kwa homa hii, na hatukuwa na neti," chandarua kitarudi kitandani jioni hiyo hiyo.

Sehemu ya tatu: Radi, tulichorithi na namna ya kukichuja

Sasa tumrudie magokoro na kioo chake. Milima ya Kisii na Nyamira ni miongoni mwa maeneo ya Kenya yanayopigwa sana na radi. Sababu yake inajulikana. Mchana, upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria huvuma kuelekea nchi kavu. Ukifika katika nyanda zetu hukutana na upepo kutoka mashariki. Hewa haina pa kwenda ila juu. Hupanda kwa kasi, hupoa, na kuunda mawingu marefu ya ngurumo. Ndiyo maana radi zetu nyingi hupiga alasiri, saa ambayo watoto wako njiani kutoka shule au uwanjani, na wazazi wako shambani.

Majirani zetu wa Uganda wamelipa gharama kubwa. Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika Shule ya Msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo. Novemba 2024 watu 14 waliuawa na radi wakiwa katika ibada kwenye kambi ya wakimbizi ya Palabek. Wote hawa walikuwa wamejikinga na mvua chini ya paa, si nje.

Wazee wetu walikuwa wakiishi na hatari hii kabla ya shule na vituo vya hali ya hewa. Waliona, wakakumbuka, wakatoa maagizo. Maagizo mengine ni ya kweli kabisa. Mengine yaliingia kwa kubahatisha. Kazi ya kizazi chetu si kuyatupa yote wala kuyakubali yote. Ni kuyachuja kama tunavyochuja chai: tubaki na kinywaji, majani tuyaache.

"Usisimame chini ya mti." Kweli. Radi hupenda kupita katika kitu kirefu, na mikaratusi yetu ni mirefu kuliko nyumba zetu. Umeme huweza kuruka kutoka kwenye shina hadi kwa mtu, au kusambaa ardhini kupitia mizizi.

"Ondoka mlangoni na dirishani." Kweli. Kaa katikati ya chumba, mbali na ukuta, nyaya na mabomba. Usioge wala usioshe vyombo kwenye mfereji wenye mabomba ya chuma wakati wa ngurumo.

"Zima redio." Kweli, ikiwa redio au televisheni imeunganishwa na umeme au antena ya nje. Chomoa waya kabla radi haijakaribia, si wakati inapiga. Simu ya mkononi isiyo kwenye chaji haiiti radi.

"Funika kioo." Si kweli. Kioo hakivuti radi. Hata hivyo, dakika unayotumia kufunika kioo itumie kuwaita watoto ndani.

"Usivae nguo nyekundu." Si kweli. Radi haichagui rangi. Mtoto mwenye sweta nyekundu akiambiwa alivue, na mwenzake mwenye sweta ya kijani aachwe chini ya mti, tumewapoteza wote wawili.

"Ng'ombe wakipigwa wengi kwa pamoja, kuna jambo." Jambo lipo, lakini ni la umeme. Radi ikipiga mti, umeme husambaa ardhini na hupungua kadiri unavyokwenda mbali. Ng'ombe amesimama kwa miguu ya mbele na ya nyuma iliyo mbalimbali, hivyo umeme hupanda mguu mmoja, hupita kifuani, na hutokea mguu mwingine. Ndiyo maana ng'ombe watano waliojikinga chini ya mti mmoja huweza kufa kwa radi moja. Kwa sababu hiyo pia, mtu aliyekwama nje huambiwa aweke miguu yake pamoja na asilale chini.

Kwa maagizo ya wazee tuongeze manne ambayo wao hawakuwa nayo:

1. Ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Gawanya kwa tatu upate kilomita. Zikiwa chini ya sekunde 30, uko ndani ya eneo la hatari. Ondoka shambani au uwanjani mara moja.
2. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho kabla ya kutoka tena. Wengi hupigwa wakati wanadhani mvua imekwisha.
3. Gari lenye paa la chuma na madirisha yaliyofungwa ni kinga nzuri. Bodaboda si kinga. Kibanda cha mabati kilicho wazi shambani au kando ya barabara si kinga. Nyumba ndogo ya udongo na mabati isiyo na kizuia radi ni afadhali kuliko mti, lakini si kinga kamili. Jengo kubwa lenye kizuia radi kilichofungwa vizuri ndilo bora.
4. Mtu aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mguse. Ikiwa hapumui, anza mara moja kumkandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na kasi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwenzako akiita msaada. Radi ikiwapiga wengi, anza na wale wanaoonekana wamekufa, kwa sababu wanaolia wana pumzi tayari.

Agizo la nne lirudiwe katika kila boma. Katika watu kumi wanaopigwa na radi, takriban tisa huweza kuishi. Wapo waliopotea kwa sababu tu jirani waliogopa kuwagusa.

Sehemu ya nne: Pasipo shahidi, uvumi huketi

Hapa ndipo penye uzito wa somo hili. Janga linapotokea, watu hutaka kujua sababu. Kama aliyenusurika hasemi, mtu mwingine atasema kwa niaba yake. Tumesikia sote: "Ile radi haikuwa ya Mungu, ilitumwa." Kisha macho ya kijiji hugeuka na kumtazama mtu mmoja, na mara nyingi ni mwanamke mzee, mjane, anayeishi peke yake.

Tunajua mwisho wa macho hayo. Mei 2008 watu 11, wengi wao wazee, walichomwa hadi kufa katika vijiji vya Kisii kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa Marani kwa tuhuma kama hizo. Mauaji hayo hayakuanza na radi, lakini yalianza na kitu kile kile: jambo lisiloeleweka, likifuatwa na uvumi. Mkazi akumbuke pia kwamba, chini ya Sheria ya Uchawi, Sura ya 67 ya Sheria za Kenya, kumtangazia mtu hadharani kwamba ni mchawi ni kosa. Kushiriki kumpiga au kuichoma nyumba yake ni jinai kama jinai nyingine zote.

Aliyenusurika ana nguvu ya kuuzima uvumi kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu alikuwepo. Kijana akisikia kutoka kinywa chake, "Tulikuwa saba chini ya mkaratusi, mvua ilikuwa imeanza kunyesha, nikaona mwanga mweupe, nikaamka nikiwa kwenye matope," atauliza kuhusu mkaratusi. Asiposikia hivyo, atauliza ni nani aliyegombana na familia hiyo wiki iliyopita.

Kuna jambo jingine ambalo jamii hailijui. Kupona radi si mwisho wa mateso. Waliopigwa huweza kuishi miaka mingi na maumivu ya kichwa, masikio yasiyosikia vizuri, usingizi wa shida, usahaulifu na hofu. Mwanafunzi aliyekuwa wa kwanza darasani huweza kushindwa kukumbuka somo la jana. Jamii isiyojua hilo humwita mvivu, au husema amerogwa. Kumwezesha azungumze ni kumrudishia heshima yake.

Naomba msomaji anivumilie niseme langu. Babu yangu, sokoro, alipigwa na radi akiwa kijana mchungaji. Nyumbani tulijua hivyo tu. Nilikwenda chuoni nikasomea uanahabari, nikafundishwa kuwahoji wakubwa, kushika kinasa sauti na kuuliza swali la pili. Likizo zote nilizorudi nyumbani sikumwuliza swali hata moja kuhusu siku ile. Alipofariki, wazee wawili walitoa maelezo tofauti kwenye matanga: mmoja alisema ilikuwa chini ya mti, mwingine akasema ilikuwa mtoni. Sasa sina wa kumuuliza. Nikiwaambia watoto wangu waondoke chini ya mti, nawaambia kama ofisa wa kaunti. Yeye angewaambia kama mtu aliyekuwepo.

Sehemu ya tano: Namna ya kuendesha kikao

Kikao hiki kinaweza kufanywa nyumbani jioni, darasani, kanisani, katika mkutano wa nyumba kumi au katika baraza la chifu. Hakihitaji fedha. Fuateni hatua hizi.

1. Omba, usilazimishe. Mwendee aliyenusurika siku kadhaa kabla. Mweleze nani watakuwepo na kwa nini mnataka kusikia. Akikataa, heshimu. Akikubali, mwambie anaweza kunyamaza au kuacha wakati wowote.

2. Mpe nafasi ya kusimulia kwanza bila kumkatiza. Mzee huanza mbali: mwaka wa mavuno mazuri, harusi ya fulani, bei ya ndizi. Mwache. Ndivyo anavyoifikia siku yenyewe.

3. Kisha muulize maswali manne: Uliona au ulisikia nini kabla ya jambo kutokea? Ulifanya nini? Ni nani aliyekusaidia, na alikusaidiaje? Ungetaka watoto hawa wafanye nini siku hiyo ikirudi?

4. Tenganisheni alichoona na alichoambiwa. "Nilisikia mlima ukinguruma, na kisima kikabadilika rangi" ni ushahidi. "Watu walisema mlima umekasirika" ni maoni ya watu. Yote yaandikwe, lakini yasichanganywe.

5. Toeni sentensi moja. Mwisho wa kikao, vijana wenyewe waeleze simulizi kwa sentensi moja yenye dalili na hatua. Kwa mfano, kwa wanaoishi chini ya miteremko mikali: "Mvua ikinyesha siku nyingi, ukaona nyufa mpya ardhini, miti ikiinama au maji ya chemchemi yakiwa na matope ghafla, ondoka na familia yako kabla ya giza."

6. Mtaalamu aipitie. Kabla ya kuipeleka shuleni au barazani, mwonyesheni mhudumu wa afya ya jamii, mwalimu wa sayansi au ofisa anayehusika, ili kioo kiondolewe na mti ubaki.

7. Hifadhini. Andikeni katika daftari: mahali, mwaka, kilichotokea na somo lake. Mkirekodi kwa simu, ombeni ruhusa, na msiisambaze kwenye makundi ya WhatsApp bila idhini ya mwenyewe. Simulizi ni yake kabla ya kuwa ya kijiji.

8. Rudieni kila mwaka, kabla ya mvua ndefu za Machi na tena kabla ya mvua za Septemba. Watu wa Simeulue hawakusimulia mara moja.

Sehemu ya sita: Tusimuumize anayetufundisha

Kusimulia huweza kufungua kidonda. Msimulizi akianza kutetemeka, kulia bila kutulia au kupotea katika maneno, simamisheni kikao, mpeni maji, na mtu wa karibu akae naye. Msimwambie "jikaze" wala "hayo yamepita". Mtu amtembelee kesho yake. Akikosa usingizi au akianza kujitenga, apelekwe kituo cha afya kilicho karibu. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari ya bure, 1199, na wahudumu wake husikiliza watu waliopitia majanga.

Kwa watoto wadogo, fupisheni. Mtoto wa miaka saba hahitaji kusikia jinsi miili ilivyokuwa. Anahitaji kujua dalili, hatua, na kwamba mtu aliye mbele yake alipona na yuko hai. Kila simulizi kwa watoto imalizikie mahali penye usalama: nani alikuja, nani alibeba nani, na wote walilala wapi usiku ule. Mtoto aliyeonewa au aliye na hofu isiyoisha anaweza kusaidiwa kupitia nambari ya bure 116.

Tena, msimwalike mtu mmoja kila mwaka hadi akachoka na kuitwa "yule wa radi". Mwalikeni pia aliyemwokoa, muuguzi aliyempokea, na mwalimu aliyekuwa zamu.

Maswali ya kujadili

1. Ni janga gani lililowahi kutokea katika kata yenu ambalo vijana hawalijui? Ni nani bado yupo wa kulisimulia?
2. Tajeni maagizo matatu mliyopewa na wazee kuhusu mvua au radi. Yachujeni: lipi ni kweli, lipi si kweli, na kwa nini?
3. Radi ikipiga wanafunzi uwanjani leo, ni nani shuleni kwenu anayejua kumkandamiza mtu kifua? Je, shule yenu ina kizuia radi, na kilikaguliwa lini mara ya mwisho?
4. Mtu akisema "hii imetumwa", mtamjibu nini kwa heshima lakini bila kunyamaza? Ni nani katika kijiji chenu angekuwa hatarini maneno hayo yakienea?
5. Chandarua chenu kiko wapi usiku wa leo?

Kazi ya nyumbani

Kila mwanafunzi wa Gredi ya 6 na kuendelea amuulize mtu mmoja mwenye umri wa zaidi ya miaka 50 maswali manne ya Sehemu ya tano. Aandike majibu kwa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili au Ekegusii, amsomee mzee huyo na amwombe asahihishe. Nakala moja ibaki shuleni. Shule au kikundi kinachotaka simulizi zake zitumike katika mafunzo ya wadi kinaweza kuziwasilisha kwa msimamizi wa wadi, pamoja na idhini ya maandishi ya wenye simulizi.

Hitimisho

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Waliosema hivyo hawakuongeza kwamba anayeona mengi huondoka nayo asipoulizwa. Mvua zinakaribia tena. Alasiri moja wiki hizi, mawingu yatapanda kutoka ziwani na magokoro atainuka kuzima redio. Mwulize. Kisha mwite mdogo wako aje asikie jibu.